Hamira Hai na Hamira Mfu katika Lishe ya Ng'ombe wa Maziwa

Hamira ni jina tulilolizoea katika mapishi ya mkate. Siku hizi jina hilo limeingia zizini pia, kwani wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huuziwa hamira ya kuchanganya na lishe. Makala haya yanadhamiria kueleza utendakazi wake, na kubainisha aina mbili ambazo mfugaji hana budi kuzitofautisha kabla ya kutoa fedha zake.

Ikumbukwe kwamba ng'ombe hameng'enyi nyasi peke yake. Tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa huweza kubeba zaidi ya lita 100, ni makao ya bakteria na vijiumbe vingine visivyohesabika. Hivi ndivyo vinavyovunjavunja nyuzinyuzi za nyasi na mabua, navyo havistawi penye oksijeni wala asidi nyingi. Mfugaji anapozidisha nafaka kwa tamaa ya maziwa, asidi hupanda, ng'ombe hupunguza kucheua, na hamu yake ya kula hushuka.

Hapo ndipo hamira hai hufaa. Hutumia oksijeni kidogo inayoingia pamoja na chakula, na kuchochea bakteria wanaoitumia asidi ya laktiki. Tafiti zimeonyesha nyongeza ya maziwa, japo kwa wastani si kubwa. Hata hivyo, hamira hii haiweki makao ya kudumu tumboni. Sharti itolewe kila siku. Aidha, joto kali huiua, iwe ghalani au katika maji moto.

Hamira mfu, mathalani ile inayosalia baada ya kutengeneza bia, ni chakula chenye protini na vitamini za kundi B. Ina faida yake, ila haiwezi kutumia oksijeni kama iliyo hai. Neno moja linapobeba vitu viwili, anayepata hasara ni mfugaji. Ni wajibu wetu wapenzi wa Kiswahili kuhakikisha kwamba maelezo ya pakiti yanamfikia kwa lugha anayoielewa.

Kwa kuhitimisha, hamira hai humfaa zaidi ng'ombe anayelishwa nafaka nyingi. Yule aliyekosa majani bora na maji ya kutosha hataokolewa na hamira. Fedha za mwenyewe na zianzie huko.