Mapinduzi ya Pointi Sita Hayatoshi Chuoni

Muamshe saa nane za usiku mtu yeyote aliyesoma HKL au HGL, umuulize sababu za Mapinduzi ya Zanzibar. Atakutajia sita kabla hajafungua macho vizuri: utawala wa Sultani, ardhi, ubaguzi, uchaguzi wa Julai 1963, uhuru wa Disemba 10 ambao wengi hawakuuona kuwa wao, na polisi wa kutoka bara walioachishwa kazi. Utangulizi juu, hitimisho chini, kazi imekwisha. Mimi nilizitaja hivyo hivyo, kwa Kiingereza cha kukariri, na mtihani nikaupasi vizuri tu.

Naandika haya kwa mlioingia mwaka huu mkiwa na Historia kwenye usajili wenu, na kwa wadogo zetu walioko Wete, Chake na Mkoani wanaosubiri matokeo na kutuuliza kwenye simu wasome nini kabla chuo hakijafunguliwa. Wengi tunawajibu "pumzika, chuo utakikuta". Mimi nilipumzika. Nikaja na begi, godoro na pointi zangu sita.

Asaimenti ya kwanza ya mwaka wa kwanza ilikuwa juu ya Mapinduzi yetu wenyewe. Nilicheka kwa furaha. Iliporudi nilikuwa nimepata tisa kwa ishirini, na pembeni ya kila pointi mwalimu kaandika maneno mawili kwa wino mwekundu: "Nani kasema?" Mara sita. Nilikasirika siku mbili nzima. Nani kasema vipi? Si ndivyo ilivyokuwa?

Sasa chukua pointi moja tuitazame, hiyo ya uchaguzi. Julai 1963 viti vilikuwa 31. ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54, lakini viti 13 tu. ZNP ilipata 12, ZPPP 6, wakaungana wakaunda serikali. Hapo ndipo tunapoishia skuli: waliokuwa wengi walinyimwa. Ni kweli, na hasira iliyotokana na hesabu ile si ya kubuni. Lakini vile viti 13 vilitoka wapi? Kumi na moja vilitoka Unguja, penye viti 17. Pemba ilikuwa na viti 14, na ASP ilishinda viwili. Waziri Mkuu aliyeondolewa, Mohammed Shamte, alikuwa Mpemba. Kwa hiyo ukiandika "wananchi walikuwa wamechoka", swali la mwalimu linakusubiri mlangoni: wananchi gani, wa kisiwa kipi?

Na ukiuliza kwa nini visiwa viwili vilipiga kura tofauti, unarudi kwenye ardhi, ila si ile ya kukariri. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu, na huku kwetu ilikuwa kawaida kumkuta mwenyeji mwenye kijishamba chake na mikarafuu yake kadhaa, jirani na mwenye shamba kubwa. Kwa hiyo ardhi ilipofanywa mali ya serikali mwaka 1964 na eka tatu tatu zikagaiwa, jambo lile halikuwa na ladha moja kwa kila mtu. Aliyekuwa hana kitu alipata shamba. Aliyekuwa nacho kidogo alijiuliza kama bado ni chake. Sisemi pointi ya ardhi ni ya uongo. Nasema ina anwani, na sisi tunaiandika bila anwani.

Chuo kilipofungwa nilipanda boti kurudi nyumbani, na usiku wa pili nikamkalia bibi na daftari. Nilitaka anisimulie Januari 12. Yeye akaanza kunisimulia foleni ya mchele, muhogo uliopikwa siku saba za wiki, na karafuu ambazo mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, serikali, kwa bei aitakayo yeye. Nikamkata kauli. "Bibi, hiyo ni miaka ya sabini. Mapinduzi ni sitini na nne." Akanitazama kwa muda. "Weye ulikuwepo?"

Niliona haya, lakini nilichelewa kumuelewa. Hakuwa amechanganya tarehe. Usiku ule wa Januari mapigano yalikuwa Unguja. Pemba habari zilisikika redioni, kisha wakaja waliotumwa kushika madaraka. Kwa watu wengi wa umri wake, Mapinduzi si usiku mmoja. Ni jina la wakati mzima, unaoanzia kwenye ile redio na kupita kwenye uhaba wa chakula wa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mtaala unayaita tukio, bibi anayaita zama, na wote wawili wana haki ya neno lile.

Tena bibi huyo huyo, bila kupumua, akasema kama si Mapinduzi asingejua kusoma. Mwaka 1964 alikuwa na miaka kumi na mbili hivi na hajatia mguu darasani. Septemba 23 ya mwaka ule elimu ikatangazwa kuwa bila malipo, naye akapelekwa. Nilifanya hesabu baadaye: foleni ya mchele alisimama akiwa na miaka kama ishirini, na mjomba wangu mgongoni. Ni mtu mmoja, na yote mawili yamemfika. Sasa niambie hilo unaliweka kwenye "mafanikio" au kwenye "matatizo".

Niliporudi chuo ndipo nilipoanza kusoma, kwa maana ya kusoma, si kutafuta desa. Kitabu kilichonifungua ni kile cha Thomas Burgess cha 2009, chenye kumbukumbu za watu wawili ndani ya jalada moja: Ali Sultan Issa, mzaliwa wa Wete, na Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, safari fupi kutoka hapo. Wote wawili kwa nyakati tofauti walikuwa mawaziri wa elimu Zanzibar. Ali Sultan alikuwa miongoni mwa wanamapinduzi wenyewe na akashika uongozi hapa Pemba. Seif alimaliza kidato cha sita 1963, wiki chache kabla ya Mapinduzi, akawekwa kufundisha skuli kwa sababu watumishi walikuwa wachache, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akakiingia 1972. Miaka minane na zaidi! Sisi bumu likichelewa wiki tatu tunataka kuandamana.

Wanatofautiana sana, na kusoma kwenyewe ndiko huko. Kila kitabu ukifungua, andika juu ya daftari: nani, mwaka gani kaandika, na 1964 alikuwa wapi. Kitabu cha John Okello kilitoka 1967, naye keshafukuzwa visiwani. Tena huyu kabla ya kuhamia Unguja aliishi Pemba tangu 1959, jambo ambalo mimi skuli sikuwahi kulisikia. Cha Omar Mapuri kilitoka 1996, na mwandishi ni kiongozi wa serikali, mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Cha Harith Ghassany, cha 2010, kimeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo cha kujitetea huna. Soma viwili vinavyogombana kabla hujapanda boti, hata kama ni nusu nusu.

Na wazee? Usiwaulize "sababu ni zipi", watakupa zile zile za redioni. Uliza ulikuwa na umri gani, mlikula nini, nani alikuja kijijini. Asiyetaka kusema muache, ana sababu zake, na simu ya kurekodi usiiwashe bila ruhusa.

Swali hilo ukilizoea utaliona kila mahali. Mapinduzi ya Ufaransa niliyakariri kuanzia 1789, Paris tupu. Kumbe mwaka 1793 wakulima wa Vendée, magharibi ya nchi hiyo hiyo, walishika silaha kuyapinga. Nilicheka peke yangu maktaba. Kila mapinduzi yana Pemba yake.

Mwaka jana, kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono. "Mwalimu, kitabu chasema hivi, babu yangu asema vile. Kwenye mtihani nitie lipi?" Darasa zima likanyamaza kunisikiliza. Nikamjibu, "Andika la kitabu." Akakaa, akafunga daftari. Hakuuliza tena mpaka nikaondoka.

Mwaka huu nimeomba kurudi skuli ile ile. Nimeandaa vipindi viwili. Cha kwanza ni pointi sita, maana mtihani upo na sitaki wafeli kwa ajili yangu. Cha pili, kila mmoja aje na jambo moja alilosimuliwa nyumbani, na pembeni yake aandike umri wa msimuliaji mwaka 1964. Hicho cha pili kinahitaji ruhusa ya mwalimu mkuu, na barua ya kuiomba ninayo kwenye begi.