Kupanda Orok si kazi, kazi ni kushuka

Mkazi wa Nairobi akisafiri kuelekea Namanga, akishapita Kitengela, Kajiado na Bissil, huuona mlima ukijitokeza mbele yake kama ukuta. Wamaasai huuita Ol Doinyo Orok, yaani mlima mweusi. Kilele chake kimepita mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na mguu wake umeanza karibu kabisa na mji. Kwa kuwa Namanga ni mwendo wa kilomita 165 hivi kutoka Nairobi, wengi hudhani kwamba mtu aweza kwenda, akaukwea na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo bila taabu.

Je, wewe msomaji uliyekaa ofisini wiki nzima, mwili wako uko tayari?

Kwanza tuondoe hofu moja isiyo na msingi. Wengi huogopa ugonjwa wa mwinuko, ule unaowasumbua wapandaji wa Kilimanjaro. Mkazi wa Nairobi tayari anaishi kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kufika Orok kwa saa chache hakutamdhuru kwa kawaida. Aliyetoka Mombasa jana yake ndiye atakayehema zaidi.

Hatari iko kwingine. Namanga iko kwenye mita 1,300 hivi, kwa hiyo utapanda kama mita 1,200 kwenda juu. Jengo la mikutano la KICC jijini Nairobi lina urefu wa mita 105. Piga hesabu: ni kama kulipanda jengo hilo mara 11 bila lifti, kisha kulishuka mara 11. Nako huku hakuna ngazi. Kuna msitu, majani marefu, na mawe ambayo lazima uyakwee kwa mikono na miguu.

Watu wengi hutumia nguvu zote kukifikia kilele, wakasahau kwamba hapo wamemaliza nusu ya safari tu. Wataalamu wa milima husema kuwa ajali nyingi za kuanguka hutokea wakati wa kushuka. Sababu yake si bahati mbaya. Unaposhuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki: hujikaza huku ikivutwa. Kazi hiyo huichosha na kuijeruhi kidogo kidogo, ndiyo maana maumivu makali huja siku ya pili au ya tatu. Misuli ikichoka, goti hubeba uzito wote, mguu hutetemeka, na jiwe moja lililolegea latosha kukuangusha.

Jiandae wiki sita kabla. Panda ngazi za ofisini au za nyumba yako mara tatu kwa wiki, na uzishuke kwa miguu pia badala ya kurudi kwa lifti. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari au pumu amwone daktari kwanza. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza mkojo, na kwenye jua la Kajiado mwenye kuzitumia huweza kuishiwa maji upesi. Mwenye kisukari asiende bila glukosi mfukoni, wala mwenye pumu bila dawa yake ya kuvuta.

Maji ni uhai. Mtu anayepanda juani huweza kutoa jasho la nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Beba lita tatu au nne, na usitegemee maji ya njiani. Hata yakiwa maangavu, huenda yana vijidudu. Maji matupu peke yake hayatoshi, kwani jasho huondoa chumvi. Kula njugu, au beba chupa moja ya maji safi ya lita moja iliyotiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mwenzako akilalamika kuumwa kichwa, akipata kichefuchefu au kizunguzungu, mweke kivulini, mlegeze nguo na kumpa maji kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Mmwagieni maji, mpepeeni, na mtafute msaada wa kumfikisha hospitalini mara moja.

Usipande peke yako. Tafuta mwenyeji wa Namanga anayeijua njia. Humo msituni hupita wanyama wa porini, na vijia vya mifugo humpotosha mgeni. Vaa viatu vilivyofunika vifundo, na usitie mkono kwenye ufa wa jiwe bila kutazama. Akiumwa na nyoka mtu, msimchanje wala kunyonya sumu. Mtulize, asitembeetembee, na abebwe hospitalini.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote: wekeni saa ya kugeuka mkiwa bado chini. Mkianza kupanda saa moja asubuhi, basi ikifika saa saba mchana mnageuka, mmefika kileleni au hamjafika. Jua letu huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu, na giza huingia ghafla. Anayebembeleza aongezewe nusu saa kwa sababu kilele kinaonekana, anawaombea wenzake kuteremka mawe gizani na miguu iliyochoka.

Tena usiendeshe gari kurudi Nairobi jioni hiyo. Usingizi wa mtu aliyechoka hauna hodi, na barabara ya Namanga ina malori mengi. Mpe usukani mtu ambaye hakupanda, au mlale Namanga mrudi asubuhi.

Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga. Mlima hauhami, ukirudi nyumbani mzima bila kukifikia kilele, utapata siku nyingine ya kuujaribu.