Kiambaza huanza kuoza miguuni

Pita kijijini Adu masika yakiisha, uangalie kiambaza cha nyumba yoyote ya udongo. Juu kizima, chini, pale maji ya paani yanapoanguka na kurusha tope, udongo umelika na fito ziko nje. Mchwa ndio hao wameshapanda.

Mwenye nyumba akipata vijisenti hununua saruji na kuupiga lipu udongo uleule. Naona ni hasara. Udongo hunywa unyevu na kuutoa, huvimba na kusinyaa; saruji ni ngumu, haiufuati. Hupata nyufa, mvua ikapenya, maji yakakosa pa kutokea. Siku moja bamba zima la lipu hubanduka na udongo umegandana nalo.

Chokaa hustahimili mwendo huo wa kuvimba na kusinyaa. Gede, kusini ya Malindi, zipo kuta za matumbawe na chokaa ambazo hadi leo zimesimama, ilhali mji wenyewe ulihamwa karne ya 17 na msitu ukaufunika. Chokaa ikishapakwa hurudi kuwa jiwe taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo ipigwe tabaka nyembamba na inyunyiziwe maji, isiachiwe jua liikaushe upesi.

Lipu lakini huja mwisho. Kwanza msingi wa mawe upande futi moja na nusu juu ya ardhi, utandikwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ndipo kiambaza kianze. Paa nalo litokeze nje walau futi mbili na nusu. Hapa ndipo watu wanapobania: bati hukatwa fupi ili kuokoa shilingi, kisha ukuta unalipa kila msimu.

Joto nalo lina upande wake. Adu iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta. Jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na magharibi pawekwe upenu au mti. Anayejengea mawe ya kukata azingatie hilo zaidi, kwani jiwe lililoota jua mchana hutoa joto usiku watu wakiwa wamelala.

Kuna pia ule mwanya kati ya ukuta na paa. Hupitisha hewa, na mbu wa malaria hupitia humohumo. Wengine huuziba kwa udongo, chumba kikawa tanuri. Wekeni wavu wa mbu, tena kabla mabati hayajapigiliwa. Ukiwekwa baadaye, fundi atang'oa misumari, na kila tundu aliloliacha litavuja.