Mji wa Pangani na Mto Wetu

Wasomaji wa Same na milima ya Upare huujua mto Ruvu, upitao nyikani magharibi ya milima yetu, nao umebeba maji ya Kilimanjaro na Meru. Lakini mwisho wake wameuona wachache. Mto huo ndio uitwao Pangani, nao huingia baharini penye mji wa kale wa jina hilo.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliondoka hapo, ikafuata bonde la mto mpaka Upare na Kilimanjaro, ikarudi na pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa. Basi majumba yale ya mawe si ya kutazamwa kwa uzuri tu. Mali ya bara na jasho la watu wa bara vimo ndani yake. Mwaka 1888 hapo ndipo watu wa pwani walipoanza kupigana na Wadachi. Na Abushiri bin Salim, mkuu wao, alinyongwa hapo hapo Desemba 1889.

Mtu wa Same hupitia Korogwe na Muheza. Akifika, kwanza awaamkie wazee wa mji, ndipo aulize habari. Kisha avuke kwa kivuko mpaka Bweni, autazame mji toka ng'ambo. Majumba mengi yamechakaa. Mwenye watoto na awapeleke mapema, yangali yamesimama.