Sanduku la Udi Lililovaa Kanga Yangu ya Ugomvi

Msomaji wangu, kabla hatujafika mbali, udi ninaouzungumzia leo si ule wa kufukizia chumba. Ni udi wa kupiga, ule wenye tumbo kama boga lililokatwa nusu na kichwa kilichopinda kurudi nyuma. Ila na wenyewe unalala chumbani kwangu, na kwa muda mrefu niliuona kama mke mwenza.

Mume wangu ni mtu wa Unguja, mimi wa Dar. Wiki nzima yuko ofisini, Ijumaa anapanda boti kwenda kupiga taarab asilia na wenzake. Kule taarab ni kitu cha kurithi, Nadi Ikhwan Safaa peke yake ipo tangu mwaka 1905, kwa hiyo ukiolewa na mpiga udi umeolewa na mambo yaliyokutangulia. Nilijua hayo yote. Lakini kujua ni kimoja, na kulala peke yako Ijumaa na Jumamosi ni kingine, shoga yangu.

Basi siku moja nikaenda Kariakoo nikanunua doti ya kanga kwa ajili ya jina lake tu. Jina lenyewe siliandiki, wakwe wanasoma gazeti hili! Itoshe kusema lilimhusu mtu anayetunza cha nje na kusahau cha ndani. Nikajifunga siku tatu mfululizo, nikipita mbele yake na birika la chai. Akasoma, akanyamaza. Ijumaa ikafika, akaondoka.

Jumapili akarudi na udi umepasuka. Alikuwa anaubeba kwenye mfuko wa kitambaa, na ndani ya boti abiria mmoja akaubwagia begi juu. Ubao wa uso wa udi ni mwembamba, milimita 2 hivi, hauwezi kuhimili begi la mtu. Nilimkuta sebuleni ameupakata kama mtoto mgonjwa. Sijawahi kumwona mume wangu akilia, na siku ile niligeukia dirishani ili nisione.

Fundi aliutengeneza. Sanduku la kununua lilitushinda bei, kwa hiyo mwenyewe akaligonga moja la plaiwudi, na bawaba za kabati la jikoni. Jamani! Mama mkwe alipoliona alisema astaghfirullah, akadhani ni jeneza la mtoto. Mume wangu akawa analifunika shuka kila anapotoka nalo. Hapo huruma ikaniingia, nikamwambia, "Leta, tutalivisha."

Kanga pekee niliyokuwa nayo ambayo haijachoka ilikuwa ile ile. Nikaitoa kabatini. Akaiangalia, akaniangalia. "Una uhakika?" Nikamjibu alete msasa.

Sasa kama na wewe una mtu wa namna hii nyumbani, iwe ni udi, fidla au gitaa, sikiliza. Kanga fua kwanza, tena zaidi ya mara moja. Mpya ina wanga na inachuja rangi, na ukiibandika bila kuifua itajikunyata gundi ikilowanisha uzi. Ipige pasi. Sanduku nalo livue bawaba, komeo na mpini, halafu piga msasa kingo zote mpaka ziwe za mviringo kidogo, maana ukingo mkali ndio unaokata kitambaa baada ya miezi michache. Sisi tulikuwa na haraka ya kuona rangi, tukaruka hatua ya marekani. Kosa! Kanga ni nyepesi, gundi ikapenya na kuacha madoa. Ikabidi tuibandue ingali mbichi na kuifua tena, tukatanguliza marekani nyeupe chini, tukaacha ikauke usiku kucha.

Gundi ni ile nyeupe ya mbao, ilainishe kwa maji kidogo na uipake nyembamba kwa brashi. Anza na kifuniko. Laza kitambaa, kisukume kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni ili upepo utoke, kisha uvute kingo ndani ya sanduku kama sentimita 4. Pembe zikunje kama unavyofunga zawadi, punguza kwa mkasi kinachozidi. Mmoja avute, mwingine apake. Mtu mmoja hawezi, nawaambia ukweli.

Ndani weka sponji na uivishe bahameli. Hapa mume wangu ndiye aliyekuwa mwalimu: udi uegemee tumbo na shingo, kichwa kielee bila kugusa kitu, na kifuniko kisibonyeze uso. Nyuzi 11 zinavuta muda wote, alisema, usiuongezee mzigo mwingine. Nilikuwa sijui kama ni 11. Miaka tisa tuko pamoja, sijawahi kuzihesabu wala yeye hajawahi kunionyesha. Akanionyesha: jozi tano, na uzi mmoja mnene unaokaa peke yake.

Lingine: rangi nyeusi epukeni. Udi umeunganishwa kwa gundi, na joto la gari lililoegeshwa juani linailegeza. Bahati nzuri kanga yangu ilikuwa na mji mweupe.

Tatizo likaja kwenye jina. Mimi nilitaka kulikata na kulitupa. Watu wa kikundi chake wote wanajua kusoma, na Waswahili kanga haiwapiti. Nikashika mkasi. Akaniwekea mkono juu.

"Hilo liache, mama. Liweke ndani ya kifuniko."

"Ndani nani atalisoma?"

"Mimi. Kila nikifungua."

Sikujibu, nilipaka gundi. Mistari imepinda kidogo upande wa kulia kwa sababu mkono wangu haukutulia.

Tuliliacha wazi siku mbili likauke na harufu itoke, udi ukiwa umelazwa juu ya kitanda, upande wangu. Ijumaa akaurudisha bawaba na mpini, akaufungia ndani. Akasimama mlangoni na sanduku lake la maua mekundu.

"Boti ni ya saa kumi," akasema. "Kuna nafasi."

Nikauliza nivae nini.