Mtetemo wa Ziwa Nyasa na Maktaba ya Kanda

Mvuvi wa Lipingo, katika mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, akikosa usipa usiku huu, aweza kuutandaza wavu wake tena kesho. Mchunguzi wa matetemeko ya ardhi hana nafasi hiyo. Ziwa hili limelala katika Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inaachana polepole, na mtetemo uliokwisha kupita haurudi ili upimwe upya. Mnamo Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko uliikumba Karonga, upande wa Malawi. Kati ya 2013 na 2015 wataalamu wa Tanzania, Malawi na Marekani waliweka vipimamitetemo kandokando ya sehemu ya kaskazini ya ziwa, na vingine vikazamishwa hadi sakafuni mwake. Takwimu walizopata haziwezi kuvunwa mara ya pili. Je, takwimu za namna hiyo hulindwaje?

Hazina nyingi kubwa za takwimu duniani zingali zikitegemea kanda ya sumaku, ndugu wa ile ya kaseti za muziki. Msomaji asiicheke. Kanda ya aina ya LTO ya kizazi cha tisa, iliyotoka 2021, ina urefu unaozidi kilometa moja, nayo hubeba terabaiti 18 ndani ya kasha linaloenea kiganjani. Makasha kwa mamia hupangwa katika kabati liitwalo maktaba ya kanda. Mkono wa mashine husoma lebo ya mistari iliyobandikwa kwenye kasha, hulichomoa, na kulitia katika kinasa, yaani chombo kinachoandika na kusoma kanda.

Anayeuamuru mkono huo ni programu ya nakala za akiba, iliyomo katika kompyuta. Hapa ndipo penye ugumu. Programu hutoa amri za aina mbili: moja kwa mkono, "chukua kasha hili, litie katika kinasa cha tatu", nyingine kwa kinasa chenyewe, "andika". Mkono huvijua vinasa kwa nafasi zao kabatini, lakini kompyuta huvijua kwa majina iliyovipa ilipowashwa. Ikizimwa na kuwashwa tena, majina yaweza kubadilishana. Basi mkono hutia kanda katika kinasa kimoja, na programu ikaingoja katika kingine! Dawa ni kuvitambua vinasa kwa namba za kiwandani, ambazo hazibadiliki.

Kompyuta nyingi zikiunganishwa na maktaba moja kwa mtandao wa hifadhi, ambao mara nyingi hupitisha takwimu kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, kila moja huviona vinasa vyote kana kwamba ni vyake. Kompyuta inayowashwa yaweza kupeleka amri ya kuirudisha kanda mwanzoni, hali nyingine ingali ikiandika. Maandishi mapya yakaangukia juu ya yale ya awali. Kwa hiyo kinasa hufungiwa kompyuta moja hadi imalize kazi, na swichi za mtandao hupangwa ili zisizohusika zisikione kabisa.

Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, pamoja na nakala zilizokuwa katika vituo kadhaa vya kompyuta. Nakala za kanda, zilizokuwa nje ya mfumo huo, hazikuguswa, na kampuni ya Google ilizirejesha barua kutoka humo. Kazi ilichukua saa nyingi, kwa maana kanda haina njia ya mkato: hubidi izungushwe hadi mahali panapotakiwa.