Karai Nalo Lina Moshi Wake

Feri, Dar es Salaam, saa tatu asubuhi. Boti zimeshashusha, mnada umepoa, sasa ni zamu ya wakaangaji. Makarai mapana yamekaa juu ya moto wa kuni, mafuta yanatokota, changu na vibua vinaingia kwa mafungu na kutoka vimekauka rangi ya udongo. Kijana niliyesimama naye alikuwa anageuza samaki kwa chujio lenye mpini mrefu, uso kaukwepesha pembeni. Nikakohoa, macho yakanitoka machozi. Akacheka. "Hujazoea tu, kaka. Moshi wa kuni ndio mbaya. Huu wa mafuta ni harufu tu."

Si yeye peke yake anayeamini hivyo. Tukisema moshi wa jikoni, karibu sote tunafikiria kuni na mkaa, na tuna sababu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Ni kazi njema, wala sina ugomvi nayo. Ila mtungi wa gesi unazima moshi wa chini ya sufuria. Ule unaotoka ndani ya sufuria unabaki palepale.

Moshi huo unatoka wapi? Ule mvuke mweupe unaopanda samaki mbichi anapotumbukizwa kwa sehemu kubwa ni maji, ingawa hubeba matone madogo mno ya mafuta. Balaa huanza mafuta yenyewe yanapozidiwa na moto. Mafuta ya kupikia ni gliserini iliyoshikana na asidi za mafuta. Joto likipita kiasi, mshikamano huo unavunjika, gliserini inapoteza maji yake na kugeuka akrolini. Hii ndiyo inayokuwasha macho na kukukaba koo mtu akisahau kikaango jikoni. Ufaransa iliitumia kama silaha ya gesi katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo usijione mwoga ukikimbilia dirishani. Nazo asidi za mafuta zinakatikakatika na kuzaa aldehaidi nyingine nyingi, na joto kali zaidi huleta kemikali za jamii ya benzopairini, zilezile zinazopatikana katika moshi wa sigara.

Mafuta yaliyorudiwa yana hila ya ziada. Kila yanapokaangiwa, sehemu yake huvunjika, na kadiri yanavyovunjika ndivyo yanavyowahi kutoa moshi. Moto ambao juzi yaliuvumilia, leo yanafuka. Kuyaongezea mapya juu hakuyafanyi yawe mapya.

Sasa tuyafuate hadi kifuani. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Matone mengi ya moshi wa mafuta hayafiki hata mikromita 2.5, na kwa udogo huo pua haiyazuii. Njia za hewa zimetandikwa ute na vinyweleo vinavyopepea usiku na mchana kusukuma taka kuelekea kooni, nayo akrolini huvilegeza vinyweleo hivyo. Kinachopita kinatua kwenye vifuko vya hewa, ambavyo mtu mzima anavyo kama milioni 480. Ukuta wa kifuko, mahali pengine, haufiki mikromita moja, maana oksijeni lazima ipenye iingie kwenye damu. Ukuta huo umejengwa kwa seli bapa nyembamba, na katikati yake zimo seli nene zinazotoa utelezi wa kuzuia vifuko visigandamane, na ambazo hugawanyika kuziba pengo seli bapa zikifa.

Ndani ya seli kuna mlinzi aitwaye glutathayoni, kazi yake kuzima kemikali korofi kabla hazijaleta madhara. Akrolini humng'ang'ania na kummaliza. Mlinzi akiisha, oksijeni chokozi hubaki huru kuchubua utando wa seli, protini, hata DNA. Seli iliyojeruhiwa hupiga yowe la kemikali, seli za ulinzi hukusanyika, na kifua kinabaki katika hali ya uvimbe hata baada ya chakula kuliwa na vyombo kuoshwa.

Habari ya benzopairini inanistaajabisha zaidi. Yenyewe haina ukali mkubwa. Seli inapoiona inatoa vimeng'enya viisage ili itolewe nje ya mwili, na katika kusagwa huko ndipo inapogeuka kitu kinachonata kwenye DNA na kuharibu maandishi yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mengi ya haya yameonekana kwenye visahani vya maabara, mara nyingi kwa kutumia seli ziitwazo A549, zilizotolewa mwaka 1972 kwenye uvimbe wa pafu la mwanamume wa miaka 58 na ambazo zinaoteshwa mpaka leo duniani kote. Moshi wa mafuta hukusanywa, huyeyushwa, kisha seli hunyweshwa. Oksijeni chokozi hupanda, DNA hukatika, seli nyingine hufa. Lakini tusiende mbio. A549 ni seli za saratani tangu mwanzo, na hakuna mpishi anayevuta moshi ulioyeyushwa kwenye maji. Ndiyo maana watafiti wengine siku hizi huotesha seli za njia ya hewa huku upande wake wa juu ukiwa wazi, kisha huzipulizia moshi wenyewe.

Ushahidi wa binadamu unatoka zaidi China, Hong Kong na Taiwan, ambako madaktari walikuwa wakishangazwa na saratani ya mapafu kwa wanawake wasiovuta sigara. Huko Taiwan, watafiti walipowauliza wanawake wanavyopika, walikuta hatari ikiwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa na desturi ya kungoja mafuta yatoe moshi ndipo watie chakula.

Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwakusanya wataalamu Lyon, Ufaransa. Moshi wa makaa ya mawe majumbani waliuweka kundi la 1, maana yake unasababisha saratani. Moshi wa kuni wakauweka kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa. Na moshi wa kukaangia kwenye joto kali? Kundi la 2A vilevile. Makundi haya hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari, na kwa nimonia na magonjwa ya moyo moshi wa kuni bado ndio muuaji mkubwa. Hata hivyo ile "harufu tu" imekaa rafu moja na kuni.

Feri angalau kuna upepo wa bahari. Mimi nahofia zaidi jiko la fleti: gesi safi, vigae vinang'aa, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, na feni ya kutolea moshi, kama ipo, haiwashwi kwa kuwa ina kelele.

Nilimuuliza yule kijana anajuaje kama mafuta yameiva. Akachovya mkia wa kibua, mafuta yakalia. "Yakilia hivi, tayari. Ukingoja yatoe moshi, umeshaunguza." Kisha akageukia karai lake la pili. Humo mlikuwa na mafuta ya jana, meusi kama kahawa, yameshaanza kufuka na kuni hata hazijashika vizuri. Akakunja uso, akamimina vibua.